Mbuzi ya nazi irudi jikoni

Wiki hii nataka tuingie jikoni. Najua wako watakaoshangaa: mwanamume mzima, tena wa umri wangu, ana habari gani na mambo ya jikoni? Nawaomba mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe halihusu sufuria peke yake. Linahusu mfuko, linahusu deni, na linahusu heshima ya mtu nyumbani kwake.

Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayekaa Mbagala na mume wake na watoto wao watatu. Mume ni dereva wa bodaboda. Mpwa wangu huyu kwa miaka minne amekuwa akipika vitumbua. Jioni analoweka mchele, alfajiri anausaga, anatia tui la nazi, sukari, hamira na iliki, anauacha umuke, kisha anaweka chuma chake jikoni. Saa moja asubuhi watoto wa shule wamekwisha kupanga foleni mlangoni. Faida haikuwa ya kujenga ghorofa, lakini ndiyo iliyonunua daftari, sabuni na mboga ya jioni.

Mwaka jana ilikuja habari kwamba mama mkwe wake anakuja kutoka Kilwa pamoja na mawifi wawili. Sasa binti akaanza kuhangaika. Usiku akawa haachi simu mkononi, anaangalia mapishi. Na mapishi ya siku hizi mnayajua wenyewe. Mpishi anasimama katika jiko linalong'aa kama duka la vioo, anasema, "Leo tunapika chakula chepesi sana cha nyumbani," halafu anataja oveni, blenda, mizani ya umeme, na lile jiko la kukaangia kuku kwa hewa ya moto bila mafuta. Mpwa wangu alipomaliza kuangalia akatazama jiko lake la mkaa, akatazama kinu na mwiko, akajiambia kwamba miaka yote hii alikuwa hajui kupika.

Naomba mliangalie neno hilo, ndugu wasikilizaji. Mtu anayejua kuumua unga wa mchele bila kipimo, anayejua kwa kunusa tu kwamba sasa umekuwa tayari, anaambiwa na simu kwamba hajui kupika. Naye anaamini.

Basi akaenda kwenye kikoba chao, akakopa shilingi 250,000, za kurudisha shilingi 25,000 kila wiki kwa wiki kumi na mbili. Akanunua mashine ile ya kukaangia, na kwa chenji iliyobaki akachukua blenda ya bei nafuu. Alipopata blenda, ile mbuzi ya nazi aliyopewa na mama yake siku ya harusi akampa jirani. Alisema inachukua nafasi. Wiki ya kwanza ya marejesho ilipofika, fedha hazikuwepo, akachomoa kwenye mtaji wa vitumbua. Wiki ya pili vivyo hivyo. Wiki ya tatu hakukuwa na mchele wa kuloweka, na watoto wa shule wakahamia kwa mwingine.

Siku ya wageni nami nilialikwa. Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kuku wawili walikuwa wamekwisha kukatwakatwa na kutiwa viungo. Sasa mashine ile, kwa uzuri wake wote, inaingia vipande vitano au sita kwa mara moja. Hebu tufanye hesabu kidogo. Mashine yenye nguvu ya wati 1,500, ikifanya kazi dakika 40, inakula uniti moja nzima ya umeme. Kuku wawili ni mikupuo mitatu. Mikupuo mitatu ni saa mbili na uniti tatu. Kwenye Luku zilikuwa zimebaki uniti tatu na ushee, na friji nayo inanguruma, na blenda imekwisha kusaga nazi ya wali, na pasi ilipigwa asubuhi.

Mkupuo wa kwanza ukatoka vizuri. Wa pili ukatoka. Wa tatu ulipofika katikati, pwaa! Giza. Adhana ya magharibi imekwisha, watoto wana njaa, kuku wa mikupuo miwili amepoa mezani, na aliyebaki nje amebadilika rangi lakini ndani ana damu. Mume akatoka na simu yake kutafuta wa kumkopesha fedha za umeme. Binti amesimama mlangoni, anapikicha kanga yake, hasemi.

Mama mkwe, mtu mzima mwenye adabu zake, hakutoa neno la kumuumbua. Aliinuka taratibu, akafunga kanga kiunoni, akasema, "Mwanangu, hebu tuwashe mkaa. Mbuzi iko wapi nikune nazi?"

Mbuzi iko wapi! Ndugu wasikilizaji, nimehudhuria mikutano mingi katika maisha yangu, nimesikia maswali mazito yakiulizwa, lakini sijaona swali lililomwinamisha mtu kichwa kama lile. Ikabidi mtoto mkubwa atumwe kwa jirani kwenda kuiomba. Jirani akaileta mwenyewe, na wala hakusema kitu. Yule mama akakaa juu ya mbuzi kwa mwanga wa tochi ya simu, akakuna nazi mbili zilizotoka gengeni, akakamua tui zito, akalichemsha na kitunguu thomu, tangawizi, pilipili na ndimu mpaka likashika. Vipande vyote, vilivyoiva na visivyoiva, vikaenda juu ya makaa, akawa anavipaka tui huku anavigeuza. Saa tatu usiku tulikula kuku wa kupaka. Watoto walilamba vidole.

Baada ya chakula mpwa wangu alinifuata barazani. "Mjomba," akaniambia, "nimejiaibisha." Nikamwambia, "Hujajiaibisha, mama. Umedanganywa." Na hilo ndilo ninalotaka kulisema leo.

Siku hizi kuna mapishi ya namna mbili. Yako yanayoanza na swali, "Nyumbani una nini?" Na yako yanayoanza na amri, "Kanunue." Haya ya pili, hata yakiwa yamepambwa kwa maneno matamu kiasi gani, mara nyingi si mapishi. Ni tangazo la biashara lililovalishwa aproni. Anayekufundisha anauza mashine, au analipwa na anayeuza mashine, au anatamani kulipwa. Si dhambi kufanya biashara. Lakini mnunuzi anayo haki ya kujua kwamba yuko dukani, hayuko darasani.

Mimi mwenyewe sijifanyi mjanja. Chini ya meza yangu iko mashine ya kukamulia juisi niliyoinunua kwa mbwembwe nyingi. Ilikamua machungwa kwa wiki mbili. Kuiosha kulichukua muda mrefu kuliko kunywa juisi yenyewe, na leo ni makazi ya mende. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata hivyo, nataka kuwa mwadilifu, maana najua barua zitakuja. Kwanza, sisemi kwamba chakula cha kigeni ni kibaya. Tukianza kufukuza wageni jikoni tutabaki na njaa. Mahindi ya ugali wetu asili yake ni bara la Amerika, na muhogo vivyo hivyo, na nyanya, na pilipili. Chapati imetoka Bara Hindi. Lakini angalieni wazee wetu walivyovipokea. Hawakusubiri mpaka wapate jiko la Kihindi ndipo wale chapati. Walichukua kikaango walichokuwa nacho. Walipotaka kuoka na oveni hawana, walitia moto chini na moto juu ya mfuniko, na ndivyo mkate wa kumimina unavyopikwa mpaka leo: unga wa mchele, tui, hamira, sukari na iliki, makaa machache chini, mengi juu. Keki nayo hukubali vivyo hivyo. Chakula ndicho kilichobadilika kufuata jiko. Leo tunaambiwa jiko ndilo libadilike kufuata kila chakula, na kila chakula kina mashine yake.

Pili, sitetei moshi. Ni rahisi sana kwa mwanamume kusifu kinu asichokitwangia na kuni asizozibeba. Moshi wa kuni na mkaa unaharibu mapafu na macho ya mama zetu, na misitu inakwisha. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Naunga mkono kwa mikono miwili. Mwenye uwezo wa gesi na atumie gesi. Yako majiko ya presha ya umeme ambayo hupika maharage kwa umeme kidogo, kwa sababu yamefunikwa vizuri na hayapotezi joto. Mashine ya namna hiyo siigombi, maana inapika kile kile tunachokula kila siku, inakipika kwa watu wengi, na inapunguza gharama. Mashine iliyokuja kuitumikia sufuria yako ikaribishe. Iliyokuja kukutafutia chakula kipya ili yenyewe ipate kazi, iache dukani.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, yaulize mapishi hayo maswali matatu. Je, linalishwa kundi la watu wangapi kwa mara moja? Je, vitu vyake vinapatikana gengeni kwetu, au mpaka nipande daladala mbili? Na je, naweza kulipika tena wiki ijayo bila kukopa? Chakula ambacho huwezi kukirudia bila deni hicho si chakula cha nyumbani. Ni sherehe, na sherehe ina siku yake.

Sasa msije mkasema nimelaumu tu bila kutoa mfano. Chukueni makande. Vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa na kikombe kimoja cha maharage, vinalowekwa usiku kucha. Kuloweka hakuna gharama yoyote ila kukumbuka, na kunapunguza sana muda wa kupika. Asubuhi unamwaga maji yale, unatia mengine, unachemsha kwa nguvu kwa dakika kumi au kumi na tano. Maharage, hasa mekundu, yasiondoke motoni kabla ya kuchemka kwelikweli, maana yakiwa mabichi yanaumiza tumbo. Baada ya hapo ndipo wengi wetu tunapofanya kosa.

Tunaona chakula hakijaiva, tunachochea moto. Lakini maji yakishachemka, hapa kwetu pwani, yamefika nyuzi 100, na hayapandi zaidi katika sufuria ya kawaida. Ukiongeza mkaa mara mbili, unachoongeza ni mvuke unaokwenda darini. Kwa hiyo funika sufuria, punguza moto, acha itokote polepole. Ukitaka kubana zaidi, ikishachemka vizuri kwa muda, itoe motoni ikiwa imefunikwa, iweke ndani ya kapu lililotandikwa vitambaa vizito, uifunike na blanketi kuukuu pande zote. Joto lililomo ndani litaendelea kuivisha wakati wewe unafanya shughuli nyingine. Baadaye unairudisha ichemke tena, unatia kitunguu, chumvi na tui la nazi moja. Kiasi hicho kinawatosha watu watano au sita, na hakuna aliyeinuka na njaa.

Na msidhani kwamba ni chakula cha kukosa kingine. Mahindi peke yake yana upungufu wa baadhi ya viini vya kujenga mwili, na maharage yanavyo kwa wingi; vikikutana katika chungu kimoja vinakamilishana. Mchicha nao unatupatia vitamini A, lakini mwili huipokea vizuri zaidi ikiwa pamoja na mafuta, na tui la nazi lina mafuta hayo. Dagaa tunawala na mifupa yao, na katika mifupa ile mna madini ya kujenga mifupa yetu. Kisamvu kibichi kina sumu, lakini bibi zetu walikitwanga kisha wakakichemsha kwa muda mrefu, na hivyo ndivyo sumu inavyotolewa. Hawakusoma maabara. Walisoma kwa kuangalia, vizazi na vizazi, na wakafundisha mabinti zao wakiwa wamekaa nao jikoni.

Hapo ndipo wasiwasi wangu mkubwa ulipo, ndugu wasikilizaji. Shilingi 25,000 kwa wiki inauma, lakini deni lina mwisho. Elimu ile ikikatika haina mwisho wake. Binti akishaamini kwamba anachokijua mama yake ni ushamba, hamuulizi. Asipomuuliza, mama anazeeka nacho. Na siku mashine itakapoharibika, au umeme utakapokatika wageni wakiwa sebuleni, hakutakuwa na wa kuinuka na kufunga kanga kiunoni.

Basi nina ombi dogo. Wiki hii, kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, amwendee mama yake, au shangazi, au bibi, amwombe amweleze pishi moja tu. Liandikwe katika daftari la shule. Atakwambia "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha". Usimcheke, kaa naye mpaka uone hicho kiasi ni kipi, ukipime kwa kikombe uandike. Na sisi akina baba tusiishie kuandika. Kukuna nazi hakuhitaji kanga.

Mpwa wangu bado hajamaliza kulipa. Wiki alizokuwa amebakiza siku ile zilikuwa nane, na nyingine zimerundikana kwa sababu alichelewesha. Mashine ipo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alijaribu kuiuza, akatajiwa bei ya kutupa, akaona bora aiache. Lakini mama mkwe wake kabla ya kurudi Kilwa alimnunulia kilo tano za mchele na nazi kumi, akamwambia, "Hii si zawadi, mwanangu. Huu ni mtaji. Nikija tena nitauulizia."

Jumatatu iliyopita nilipita kwake mapema. Nilikuta watoto wawili tu mlangoni na sahani zao. Wengine bado hawajarudi, kwa sababu mteja akishazoea pengine kumrudisha ni kazi. Alinipa vitumbua vitatu na chai ya rangi. Nilimuuliza mbuzi iko wapi. Akainua ukingo wa gauni kidogo nikaona: alikuwa ameikalia.

Nawatakieni mlo mwema. Hadi wiki ijayo, kwa herini.